Aibu Ipi? Kusoma Mtawa Mweusi katika Bandari ya Juba

Mwaka 1968 tamthilia ya The Black Hermit ilitoka katika mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Kiafrika. Mwandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado aliandika kwa jina la James Ngugi. Tamthilia hiyo wasomaji wa Kiswahili tunaijua kwa jina la Mtawa Mweusi. Ngũgĩ aliiwekea toleo hilo utangulizi mfupi, na utangulizi huo una jambo lisilo la kawaida: mwandishi anamwonya msomaji kuhusu kitabu chake mwenyewe. Anasema kwamba alipoiandika mwaka 1962, yeye na wanafunzi wenzake wa Makerere waliamini kuwa ukabila ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote katika nchi mpya za Afrika Mashariki. Waliamini pia kuwa serikali za uhuru zilitaka kwa dhati kuwashirikisha wananchi katika ujenzi wa nchi. Kilichobaki, walidhani, ni kuufichua na kuung'oa ukabila, ubaguzi wa rangi na mifarakano ya dini.

Hakutumia neno aibu. Lakini kila aliyewahi kufungua daftari lake la zamani na kukuta mashairi aliyoyaandika akiwa kijana ataitambua sauti hiyo. Mwaka 1962 Ngũgĩ alikuwa na umri wa miaka 24. Miaka sita baadaye alikuwa ameishaanza kujitenga na kijana yule.

Swali langu katika makala haya ni hili: msanii anapoionea aibu kazi yake ya mwanzo, je, anajua ni wapi hasa pa kuonea aibu? Nitajibu kwamba Ngũgĩ alijua nusu tu alipokuwa akieleza kwa maneno. Nusu nyingine aliilipa baadaye kwa kuandika kazi nyingine, bila utangulizi wowote. Nitaisoma tamthilia hii nikiwa Bandari ya Juba, kwa sababu mambo ambayo mwandishi aliyajutia, yaani ukabila, imani katika serikali mpya na lugha ya wahusika, yote yanapita pale kila siku pamoja na magunia.

Kwanza hadithi yenyewe. Remi ndiye mtu wa kwanza wa kabila la Marua kufika chuo kikuu. Alimpenda msichana aitwaye Thoni, lakini alipokuwa masomoni kaka yake alimwoa. Kaka akafa. Baba yao, akiwa kitandani anakata roho, akamtaka Remi amrithi mjane huyo kama ilivyo mila. Remi akakubali, lakini moyoni aliamini kwamba Thoni hampendi, akakimbilia mjini. Huko akawa mtawa wa namna yake: ana kazi, ana rafiki aitwaye Omange, ana mpenzi Mzungu aitwaye Jane, lakini nyumbani harudi. Wazee wa kabila wanatuma ujumbe kumwita ili awe sauti yao katika siasa. Mama yake, Nyobi, anamtuma mchungaji. Wazee wanakuja na dawa yao ya kienyeji, mchungaji anakuja na Biblia. Remi anarudi kweli, lakini anarudi kuwakemea wote: kabila, mila na kanisa. Mbele ya watu anaikana ndoa yake. Thoni anaondoka na kujiua, akiacha barua inayofichua kwamba alimpenda Remi tangu zamani. Pazia linafungwa Remi akiwa mbele ya maiti, akitambua kwamba alikuja kuivunja mila na badala yake amemvunja mkewe na nafsi yake.

Tamthilia hii iliigizwa na wanafunzi wa Makerere katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, Novemba 1962. Uganda ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Oktoba. Tufikirie ukumbi ule: nchi ina umri wa wiki chache, vijana wako jukwaani, na mada ni namna ya kuiponya nchi hiyo kabla haijaugua sana. Sisi wa Sudan Kusini hatuhitaji kujitahidi sana kufikiria hali hiyo. Tuliiona wenyewe tarehe 9 Julai 2011.

Sasa twende bandarini. Mto Nile, ambao hapa huitwa Bahr el Jebel, hupokea matishari na boti hadi Juba, basi. Kusini ya mji kuna maporomoko, na chombo kikubwa hakipandi kwenda Nimule. Kwa hiyo bidhaa za kaskazini, kutoka Kosti, Renk, Malakal na Bor, huja kwa maji, na bidhaa za Uganda na Kenya huja kwa malori kupitia Nimule. Lugha nazo hufuata njia hizohizo. Mtoni utasikia Kiarabu cha Juba, Kinuer, Kidinka, Kishilluk na Kibari. Kiswahili kimekuja na madereva wa malori na wafanyabiashara, na pia na wenzetu waliokulia ukimbizini Kenya, hasa Kakuma. Bandarini pande hizi mbili hukutana. Mchukuzi mmoja anaweza kupatana bei kwa lugha tatu kabla ya saa nne asubuhi.

Jioni moja tulikuwa wanafunzi watatu pale, tukingoja mzigo wa mwenzetu uliokuwa unatoka Bor kwa boti. Boti ilichelewa, nasi tukaanza kusoma sehemu ya tatu ya tamthilia kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Nitarudi kwa jambo lililotokea hapo. Kwanza nataka kuyapima majuto mawili ya Ngũgĩ.

Majuto ya kwanza ni yale ya mwaka 1968: kwamba alikosea kuuona ukabila kuwa ndio tatizo kuu. Ukizifuata kazi zake za baadaye, sababu inaeleweka. Alikuja kuamini kwamba ukabila ni silaha mikononi mwa wenye mali na madaraka, na kwamba anayeuhubiria umma dhidi ya ukabila huku akiwaacha hao wakila anapoteza pumzi. Hoja hiyo ina nguvu. Juba tumewaona watu wanaogawana vyeo huku kila mmoja akidai anawawakilisha ndugu zake, na ndugu zake wakabaki bila maji safi.

Hata hivyo, siwezi kuyakubali majuto hayo yote. Mnamo Desemba 2013 vita vilipoanza hapa Juba, Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika ilithibitisha kwamba watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Aliyesimama mbele ya bunduki hakuulizwa ana mali kiasi gani. Kumwambia mtu aliyekimbia usiku ule kwamba ukabila ni kivuli tu cha jambo jingine ni kumwambia nusu ya ukweli. Silaha inaweza kuwa imetengenezwa na tajiri, lakini jeraha ni jeraha. Kijana wa mwaka 1962 aliliona jeraha hilo, na sioni kwa nini mtu mzima wa mwaka 1968 amwonee haya kwa kuliona.

Katika utangulizi ule kuna mambo mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni utambuzi kwamba ukabila ni ugonjwa mkubwa. La pili ni imani kwamba serikali mpya ni daktari mwaminifu. La pili ndilo lililostahili kuonewa aibu, na hapo Ngũgĩ yuko sahihi kabisa. Remi naye ana imani hiyo: aliwahimiza watu wake wakiunge mkono chama cha taifa, kisha akaenda zake mjini. Wazee wanapolalamika kwamba kabila lao halina mtu serikalini, tunaelekezwa tuwaone kama watu wa zamani wasioelewa. Nikiisoma sehemu hiyo leo, ninawaelewa wazee kuliko mwandishi alivyowaelewa. Wao waliuliza swali la haki, yaani sisi tunapata nini katika uhuru huu, wakalivika nguo ya kabila kwa kuwa hawakuwa na nguo nyingine. Lakini katika kulitupa jambo la pili, mwandishi alilitupa na la kwanza. Wasomaji wa nchi nyingine na wakati mwingine wanalihitaji bado.

Majuto ya pili yalikuja katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, anapozungumzia lugha ya tamthilia za Kiafrika. Hapo anajitolea mfano mwenyewe. Anakiri kwamba mama wa kijijini katika The Black Hermit anaongea kishairi kwa mtindo unaomkumbusha msomaji T. S. Eliot, na kwamba wazee waliotoka shamba kumfuata Remi mjini wanazungumza Kiingereza kisicho na dosari. Maneno haya ni makali zaidi kuliko utangulizi wa 1968. Hapa anayakosoa maneno yenyewe ambayo mkono wake uliyaandika, na kwa msanii hilo huuma zaidi kuliko kukosolewa fikra.

Majuto haya ninayakubali, tena pale bandarini niliyasikia kwa sikio. Ukiwasoma wazee wa Marua kwa Kiingereza huku wazee halisi wamekaa hatua kumi kutoka kwako, juu ya magunia ya mtama, unajua mara moja kwamba kuna uongo mahali. Tafsiri ya Kiswahili inapunguza uongo huo, lakini haiumalizi. Kiswahili kwetu Juba ni lugha ya safari na biashara; si lugha ambayo mzee wa kijijini humwombolezea mwanawe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulikumbuka hilo tunapofurahia kwamba kazi fulani imetafsiriwa. Tumeisogeza karibu na msomaji. Bado hatujaifikisha nyumbani kwa Nyobi.

Narudi jioni ile. Mama mmoja anayeuza chai pale alikuwa akitusikiliza. Kiswahili alikijua tangu Kakuma. Tulipofika mahali Remi anapomaliza kuwakemea wazee na mchungaji, tukanyamaza kidogo, tukiwa tumeridhika na sauti zetu. Yeye akauliza: "Wanangu, na huyo mke? Muda wote huo yeye alisema nini?"

Tulifunua kurasa nyuma kutafuta jibu. Thoni yupo mwanzoni, akizungumza na mama mkwe wake juu ya kungoja. Anazungumzwa na kila mtu: mama mkwe anamhurumia, wazee wanamhesabu, Remi anamweleza kwa watu wa mjini. Lakini Remi hamwulizi kama anampenda. Hakumwuliza kabla ya kumwoa, wala hakumwuliza kabla ya kumkana. Jibu la Thoni linakuja kwa barua, na barua inasomwa wakati yeye hawezi tena kuulizwa chochote. "Basi aliandika," mama yule akasema, akaendelea kupuliza makaa.

Tangu hapo nimeamini kwamba aibu kubwa ya tamthilia hii haimo katika utangulizi wa 1968 wala katika kitabu cha 1986. Imo katika nafasi aliyopewa Thoni. Kijana wa chuo alihitaji kifo ili shujaa wake ajifunze somo, akamchagua mhusika ambaye kimya chake hakingemsumbua jukwaani. Jina la Kiswahili la tamthilia linalifichua hilo vizuri kuliko la Kiingereza. Siku hizi wengi wetu tukisikia mtawa tunamfikiria mtu wa dini aliyejifungia monasterini. Lakini katika Kiswahili cha pwani kutawa ni kukaa ndani bila kuonekana, na neno hilo lilitumika hasa kwa wanawake waliotakiwa wasitoke. Kwa maana hiyo mtawa wa tamthilia hii si Remi hata kidogo. Remi ana kazi, marafiki, mpenzi na mji mzima wa kuzurura. Aliyetawa ni Thoni: amewekwa ndani ya ndoa ambayo hakuichagua, akimngoja mtu ambaye hakuja kumwona hata alipokuja. Mfasiri alipochagua neno mtawa huenda hakuwa na wazo hilo. Neno lenyewe lilikuwa nalo.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Atasema kwamba tamthilia inamhukumu Remi. Mwisho wake unaonyesha wazi kuwa kosa ni lake. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ninaipenda kazi hii kuliko mwandishi wake alivyoelekea kuipenda. Kwa mawazo, kijana wa 1962 aliamini kwamba hotuba kali ingeung'oa ukabila. Kwa usanii, alimwandika mtu anayetoa hotuba hiyo kali na mara moja mtu asiye na hatia anakufa. Tamthilia ilijua kwamba dawa ile haiponyi hata kabla mwandishi wake hajaacha kuiamini. Kazi ya mwanzo inaweza kumzidi aliyeiandika. Tatizo ni kwamba inamhukumu Remi kwa kumtumia Thoni. Hukumu ni ya haki, lakini shahidi amelazimika kufa ndipo asikilizwe.

Msanii anayetaka kuirekebisha kazi yake ya zamani ana njia kadhaa, na Ngũgĩ alizijaribu zote. Ya kwanza ni kuiacha kazi ilivyo na kuiwekea onyo mlangoni, kama alivyofanya hapa. Ya pili ni kuiandika upya. Riwaya yake ya A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967, aliirekebisha katikati ya miaka ya 1980. Chama kikageuzwa kuwa Vuguvugu, na tukio la daktari wa Kizungu kunajisiwa likaondolewa. Ninaelewa sababu zake, lakini nina shaka na njia hii. Msomaji wa toleo jipya haoni tena mahali ambapo mwandishi alijikwaa, na kwa hiyo hajifunzi jinsi alivyoinuka. Utangulizi wa 1968 unatuachia kosa na toba katika jalada moja. Sisi wanafunzi tunafaidika zaidi hapo.

Njia ya tatu ni kuandika kazi nyingine inayojibu ile ya kwanza. Majuto ya lugha aliyajibu kwa vitendo hata kabla ya kuyaandika kitabuni: mwaka 1977, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ikaigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ambao waliusahihisha mswada wenyewe kila lugha ya mzee au ya kijana ilipokosewa. Serikali iliipiga marufuku, na mwisho wa mwaka huo akawekwa kizuizini. Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya ambayo sisi tunaisoma kama Shetani Msalabani. Inaanza na msichana, Wariinga, aliyedhulumiwa na kufukuzwa, ambaye amekata tamaa kiasi cha kutaka kufa. Lakini anashikwa mkono na kurudishwa. Riwaya nzima inaendelea kwa sababu hakufa. Baadaye anakuwa fundi wa mitambo, na mwisho wa hadithi anamkabili mwenyewe mtu aliyemharibia maisha.

Tuwaweke wawili hawa pamoja. Thoni anafika kwenye kifo mwishoni, na hadithi inaisha. Wariinga anafika kwenye ukingo huohuo mwanzoni, na hadithi inaanza. Sina ushahidi kwamba Ngũgĩ alimkumbuka Thoni alipokuwa akimwandika Wariinga kwenye karatasi za chooni pale gerezani, wala sidai hivyo. Ninasema tu kwamba kazi zake zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na kwamba jibu la swali la mama muuza chai limo katika riwaya ile ya gerezani, ingawa halimo katika utangulizi wowote. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Msanii naye huenda asilione kosa lake kubwa, lakini mkono wake ukaja kulirekebisha hata hivyo.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na sasa hakuna utangulizi mwingine utakaoandikwa. Kazi ya kuamua ni aibu ipi ibaki na ipi ifutwe imetuangukia sisi wasomaji. Mimi ningeshauri Mtawa Mweusi isomwe Juba, isomwe kwa sauti, na isomwe mahali ambapo watu wasio wanafunzi wanaweza kuuliza maswali. Majuto ya mwandishi kuhusu ukabila tuyapokee kwa tahadhari. Majuto yake kuhusu serikali za uhuru na kuhusu lugha tuyapokee kwa mikono miwili. Na tunapofika kwa Thoni, tusimame kabla ya barua, tuulize yeye anasema nini.

Boti ya Bor ilifika usiku umeingia. Tulilipa chai, tukabeba mzigo wa mwenzetu, na kitabu nikamwachia mama yule, kwa kuwa alikuwa ameomba aisome mwenyewe sehemu ya barua.